Dawa ya Kijani ya Rejeta

Baba yangu alikuwa fundi wa magari, na kwa miaka kadhaa alijulikana kando ya barabara nzima ya kwenda Wote kwa kitu kimoja tu: dawa ya kijani ya kupoza injini. Enzi hizo, mwanzoni mwa miaka ya sabini, magari ya kwetu yalichemka kama sufuria ya chai. Dereva angefika kwenye kibanda cha baba huku mvuke ukifuka chini ya boneti, aulize kabla hata ya kusalimia, "Fundi, ile dawa iko?" Baba, mtu mpole, mzee wa kanisa, angeingia ndani na kutoka na galoni.

Nilikuwa na miaka kumi na minne na nilikuwa mdomo wa hiyo dawa. Mtu akitia shaka, mimi ndiye niliyembishia. Niliwaambia wanafunzi wenzangu kwamba baba anaipata kwa wazungu Mombasa. Hakuwahi kuniambia hivyo. Nilijitungia mwenyewe, na nikaamini.

Hakuitia dawa hivihivi. Kwanza alimwaga maji yote yaliyokuwa kwenye rejeta. Halafu alichemsha ukwaju, akauchuja, akamimina yale maji yake machachu ndani na kuiacha injini ingurume mpaka uji mweupe utoke. Maji ya kisima chetu yalikuwa ya chumvi. Nyumbani yaliacha magamba meupe kwenye sufuria, na mama aliyakwangua kwa kijiko kila Jumamosi. Maji hayohayo ndiyo madereva waliyokuwa wakiyatia kwenye magari. Baba akishasafisha, alijaza dawa na kutoa onyo: "Usiongeze maji ya kisima. Ukichanganya utaua dawa. Ikipungua, rudi kwangu." Mimi nilionywa nisiiguse kabisa, kwa kuwa ni sumu.

Na magari yalipoa, siwezi kusema uongo. Dereva mmoja alirudi makusudi kushukuru. "Fundi, mimi nimetoka Kambu na mzigo, jua ni kali, na ile sindano ya joto haijasonga! Haijaboil hata mara moja. Hii kitu wewe unatoa wapi?" Baba alicheka tu, akaendelea kupangusa mikono.

Kisha mvua ya vuli ikatukosa. Tulikuwa na tangi la mabati lililokinga maji ya paa, na maji hayo yalikuwa ya kunywa peke yake, basi. Bomba lilifungwa kwa kufuli na ufunguo ulikaa kiunoni mwa mwaitu, maana ndivyo tunavyomwita mama kwa Kikamba. Kila asubuhi aligonga tangi kwa kidole, kutoka juu kushuka, asikilize maji yamefika wapi. Yakawa yanashuka upesi kuliko tulivyokunywa.

Dada zangu wakubwa walikuwa wameshaolewa. Nyumbani tulikuwa watatu: mama mwenye ufunguo, baba mzee wa kanisa, na mimi. Na mwezi mmoja nyuma nilikuwa nimekamatwa nikimpa rafiki yangu kikombe cha yale maji. Mama hakuhitaji ushahidi mwingine. Alinichapa kwa mwiko mpaka mwiko ukavunjika. Siku ya pili, akina mama walipokuja kusuka vyondo, vile vikapu vya katani, uani kwetu, akawaambia mbele yangu, "Huyu wangu ni mwizi wa maji. Mkienda na yeye mtoni, chungeni mitungi yenu."

Mwizi wa maji, mwaka wa ukame. Afadhali angesema nimeiba sadaka. Kila tulipokwenda kuchimba maji kwenye mchanga wa mto, wanawake niliowaita shangazi walikalia mitungi yao nilipokaribia. Nilitamani ardhi inimeze. Usiku wa kuchapwa sikumbuki nilivyolala, lakini baba namkumbuka vizuri. Alikuwa ameketi nje akisugua plagi kwa msasa. Alisema, "Mama, basi, amesikia." Nilimpenda sana kwa maneno hayo.

Wiki chache baadaye nilimpelekea chakula kibandani. Dereva alikuwa amefungua boneti, na mpira mmoja wa rejeta ulikuwa ukivuja. Akanitupia kitambaa. "Msichana, shika hapo kidogo nitafute waya." Nikashika. Mpira ukaachia, na ile dawa ya moto ikanirukia mikononi na usoni.

Maumivu ya kuungua hata sikuyajali. Nilijua nimekufa. Nilipiga nduru kwamba nimeingiwa na sumu, imenifika mdomoni, nipelekwe hospitali! Mtu akakimbia kutafuta maziwa. Baba alinishika mkono, akanivuta nyuma ya kibanda, akachukua galoni la dawa, akalifungua na kunywa.

Alikunywa mafunda makubwa, huku ananitazama. Midomo yake ikawa ya kijani. Nikakaa chini, nikaona baba yangu anajiua mbele yangu kwa ajili yangu.

"Hutakufa," akasema. "Onja."

Nikaonja. Kulikuwa na uchungu kidogo wa rangi, na nyuma yake ladha ya bati na vumbi la paa ambayo ningeitambua hata nikiwa nimefumba macho. Yalikuwa maji ya tangi letu.

Ndipo nikatazama mikono yangu. Ilikuwa ya kijani kibichi, rangi ileile iliyoniganda mwezi uliopita nilipomsaidia mama kutia rangi katani ya vyondo, hata shuleni wakanicheka. Baba akakiri alikuwa akichota kijiko cha rangi ya mama, na maji ya mama pia, kwa mpira wa kunyonyea petroli alioupitisha kwenye kifuniko cha juu cha tangi siku za soko, mama akiwa hayupo. Kufuli halikumhusu.

"Nikiwaambia maji ya mvua tu yanatosha, watanicheka na watarudi kisimani," akasema kwa sauti ya chini. "Ikiwa kijani, wanasikia." Kisha akaniomba, akaniomba jamani, mtu mzima na midomo ya kijani, "Usimwambie mama yako. Nitamwambia mimi mwenyewe."

"Na mimi mwizi?" nikamuuliza.

"Nitamwambia."

Hakumwambia. Nyumbani nilisema mikono yangu imemwagikiwa dawa ya gari. Mama aliitazama muda mrefu, akanipa mafuta ya kupaka. Nilingoja mwezi, nikangoja mwaka. Mvua ilirudi, tangi likajaa, na mimi nikabaki na jina langu. Ningeweza kusema, lakini nilimwonea huruma, na hilo ndilo linalonikasirisha zaidi.

Nilikuja kuwa mwalimu huko Kyuso, nikanunua gari langu, nikamuuliza fundi mmoja wa Kitui kama dawa za rejeta za dukani zinapoza injini. Akaniambia zinazuia kutu na magamba, zinachelewesha maji kuchemka, lakini baridi hazileti. Rejeta safi na maji safi ndivyo vinavyofanya kazi. Nilicheka mpaka akadhani namdharau. Baba alikuwa akiifanya kazi ya kweli bure, kwa ukwaju, na kuuza rangi.

Tulimzika baba katika miaka ya tisini. Dereva mzee alisimama kaburini akasifu ile dawa, na watu wakaitikia amina. Mimi nilijaa hasira. Wageni walipoondoka, nilimfuata mama jikoni nikamweleza yote: mpira, kifuniko, rangi, galoni. Miaka ishirini ilinitoka mdomoni kwa mara moja.

Mama aliendelea kupembua pojo kwenye ungo.

"Nilikuwa najua," akasema. "Rangi yangu ilikuwa inapungua pamoja na maji."

"Ulijua baada ya kuona mikono yangu?"

"Kabla."

"Kabla ya kunichapa?"

Alitoa jiwe dogo kwenye pojo, akalitupa nje.

"Mzee wa kanisa," akasema. "Wewe ulitaka nimwite nani mwizi, mbele ya wale wanawake? Maji yanaisha, kila mtu ananiuliza. Nikaona wewe utanisamehe."

Nilisimama pale jikoni na miaka yangu thelathini na kitu. Sijui nani alimwambia kwamba nitamsamehe. Mpaka leo hajawahi kuniuliza.