Mayai Ndani ya Bomba la Udongo

Baba yangu, Moffat Gatimu, alikuwa karani wa duka la vitambaa la mzee Laxmidas mjini Nyeri kwa miaka kumi na minne. Laxmidas alipofunga duka mwaka 1970 akahamia Uingereza na mkewe Taraben, alimwachia baba vitu viwili: barua ya kumsifu na tangi la kioo lenye samaki wawili. Barua ilimpatia kazi duka la jirani. Tangi lilimtia wazimu.

Samaki wenyewe hawakuwa wa kujivunia. Kambare wadogo wa Amerika ya Kusini, urefu wa kidole, weusi wenye madoadoa, na kazi yao mchana kutwa ni kulamba ukoga wa kijani kwenye kioo. Dume lilikuwa na vinyuzi laini juu ya pua, ndevu zilizoota mahali pasipofaa. Sisi watu wa Tetu, vijijini nje ya mji, wakati huo samaki hatukuwa tunakula, sembuse kufuga. Majirani, ambao kwao samaki na nyoka ni kitu kimoja, walikuwa wakimuuliza baba kama nyoka wake wameamka salama.

Mama hakucheka. Yeye, Watiri, alikuwa nyumbani Wamagana, huko Tetu, na kahawa, ng'ombe mmoja na mimi, Gathoni. Baba alipanga chumba mjini chenye stima, kwa maana bila umeme maji ya tangi yangepoa, na baridi ya Nyeri si ya mchezo. Zamani alikuja nyumbani kila Jumamosi. Baada ya samaki ikawa mara moja kwa mwezi, kisha hata Krismasi akawa wa kubembelezwa. Nasema wazi, nilimchukia baba, na samaki wake nikawachukia zaidi.

Halafu, Februari 1974, jike likataga. Baba akatuma ujumbe mama aje aone. Mama alinuna siku mbili. Siku ya tatu akafunga kitambaa chake cha kanisani, tukaenda.

Ndani ya tangi baba alikuwa ameweka kipande cha bomba la udongo. Mle ndani mayai ya rangi ya chungwa yalikuwa yameshikana kama punje za mtama, na samaki mmoja ameyalalia, akiyapepea kwa mapezi.

"Huyo ndio mama yao?" mama akauliza.

"Hapana, huyo ni baba. Mama akishataga anaenda zake. Huyu ndio anakaa na mayai. Hata kukula hakuli mpaka watoke."

"Ati baba ndio anakaa na watoto?"

"Eeh."

"Na wewe, Baba Gathoni, hujajifunza kitu kwa hii samaki?"

Baba akacheka mpaka akashika kichwa. Mama naye akacheka. Nilikuwa na miaka kumi na saba, na sikukumbuka kuwaona wakicheka pamoja. Walikaa kitandani bega kwa bega wakitazama bomba la udongo, na mimi nikajifanya nasoma gazeti.

"Nilitaka tu kuona watoto yao, hata mara moja," baba akasema. "Nikishaona, yote nitapatia Govind, yule mpiga picha wa studio hapo chini, nirudi nyumbani. Nimechoka na hii chumba."

Shida ikawa maji. Kiangazi kilikuwa kimekausha mifereji ya mji, na kipande cha malenge ambacho baba alimlisha jike kilikuwa kimeozea tangini. Bila maji mapya mayai yangeharibika.

"Mimi niko na maji mzuri kule chemchemi," mama akasema. "Kesho nitakuletea."

Jioni tukarudi nyumbani, na asubuhi yake alinituma nikajaze mtungi. Mtungi wa maji ulikuwa unavuja. Nikachukua ule wa nyuma ya stoo, tuliotumia wiki ile kuchanganyia kopa, dawa ya buluu ya kunyunyizia kahawa. Niliusuuza mara mbili. Sikuwa na nia mbaya. Nilikuwa na haraka na uvivu, basi, na sikujua kwamba kopa kidogo tu humuua samaki.

Mama akaubeba mgongoni, ukanda kwenye paji la uso, mwendo wa saa tatu kwa miguu. Akalala kule kule mjini, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu baba apange kile chumba.

Kesho yake nilipowafuata baada ya kanisa, nilimkuta baba amesimama, dume limekufa kiganjani mwake. Jike lilikuwa linaelea. Mayai yalikuwa yamegeuka meupe.

"Uliweka nini kwa hii maji?" alikuwa akimwuliza mama. "Ulikuwa unawaonea wivu. Umewaua!"

Mama alichukua mtungi wake. Akachungulia ndani, akaona duara la buluu pale chini kabisa. Akaniangalia. Nilingoja aseme. Akafunga kifuniko.

"Kama nimewaua, nimewaua," akasema. "Gathoni, twende."

Njia nzima hakuniuliza neno, nami sikusema neno. Nadhani aliona ni afadhali baba amchukie yeye kuliko anichukie mimi. Nilimwacha afanye hivyo. Nilikuwa mwoga, na nikazoea.

Baba hakurudi. Aliendelea kukaa mjini na tangi tupu ambalo hakumpa mtu. Siku ya harusi yangu alikaa upande mmoja na mama upande mwingine. Mama alifariki mwaka 1986 kwa ugonjwa wa kifua, na siku ya mazishi baba alisimama nyuma kabisa kama mtu aliyepita njia. Watu walipotawanyika nilimfuata, nikamweleza yote, mtungi, kopa, na lile duara la buluu.

Akanigeukia.

"Yeye alijua?"

"Aliona siku ile ile."

Akavua kofia, akaikunja, akaikunjua.

"Nilikuwa nangoja aniombe msamaha, Gathoni," akasema. "Nilikuwa nangoja tu aniombe msamaha, ndio nirudi."