Siku Niliyobebeshwa Nyonga ya Kamanda

Kama wewe ni wa kucheka, cheka sasa umalize, maana nikishaanza sitaki kukatizwa. Haya hayakumpata binamu yangu wala jirani wa rafiki yangu. Yalinipata mimi, nikiwa na akili zangu timamu. Na kabla hujaniletea hadithi ya pombe, pombe niliacha zamani. Ningependa sana yawe uongo. Kila asubuhi naomba yawe uongo, kisha nakanyaga chini na nyonga ya kushoto inanijibu.

Mimi ni fundi wa makochi. Nalala Gatwekera, kule Kibera, lakini karakana yangu iko Kawangware, kibanda cha mabati ndani ya ploti ya Mzee Njuguna. Mbao na sponji zangu zililindwa miaka mingi na mbwa mmoja, Kamanda, wa rangi ya chai ya maziwa, sikio moja limekatika. Hakuwa mbwa wa kubweka ovyo. Mwizi alikuwa anasikia tu pumzi yake nyuma ya mlango, anakumbuka ana shughuli kwingine.

Sasa mbwa naye huzeeka, bwana. Alianza kuchechemea asubuhi, nikasema ni baridi. Akawa akitaka kulala anazunguka, anazunguka, halafu anajishusha polepole kama mtu anayetua gunia. Ikaja mvua ile ya kunyesha bila kupumzika, na miguu ya nyuma ikakataa kabisa. Akawa analala tu hapo, anapumua haraka haraka, anajilamba nyonga mpaka manyoya yametoka. Lakini hakulia. Hilo ndilo lililonidanganya, kwa sababu mimi nilidhani mwenye maumivu hulia.

Mzee Njuguna akapita, akamwona. Si mtu mbaya, ni mtu wa kumaliza mambo tu. Alisimama mlangoni na mwavuli wake akasema, "Fundi, huyo kazi yake imeisha. Kesho asubuhi nikikuta hajasimama, naita vijana wammalize. Hawezi kuozea kwa ploti yangu."

"Mzee, ni hii mvua tu. Kesho atasimama."

"Tutaona."

Nilijuaje kwamba atasimama? Sikujua chochote. Nilichojua ni kwamba nisipofanya kitu, kesho rafiki yangu atapigwa rungu mbele yangu. Na kitu cha kufanya nilikuwa nacho mfukoni.

Pande zetu kila nyumba ina mkebe. Mtu akipona kabla dawa hazijaisha, zilizobaki haziendi kwa taka, zinaingia mkebeni. Jirani akiumwa na jino anabisha, anapewa. Mtoto wa jirani akiwa na homa, anapewa. Hatufanyi hivyo kwa ubaya, tunafanya kwa upendo. Mkebe wetu anautunza mke wangu, Mama Mwende, na siku hiyo nilikuwa nimetoka nazo tembe zangu za mgongo. Tembe zile ziliniinua mimi, mtu mzima na uzito wangu wote. Zitashindwaje na mbwa? Wewe hungewaza hivyo? Usinidanganye.

Basi jioni, wenzangu wameshaenda, stima imepotea kama kawaida yake mvua ikinyesha. Nikawasha taa ya simu. Nikaponda tembe, nikazificha ndani ya tonge la ugali na mchuzi wa omena, chakula ambacho Kamanda hajawahi kukikataa. Nikachuchumaa. Mkono umeshanyooka, ndio nikasikia sauti nyuma yangu inaniuliza, "Umeshampa?"

Mlango nilikuwa nimeufunga kwa komeo. Sikiliza vizuri: kwa ndani. Na Kamanda hakunguruma. Mkia wake, ambao haukuwa umesogea tangu mvua ianze, ulipiga sakafu.

Alikuwa mwanamke wa makamo, koti la kahawia, leso kichwani, amelowa chapachapa. Alikuwa amekalia kochi nililokuwa sijalimaliza, juu ya sponji mpya ambayo sikuwa nimeivalisha kitambaa. Na ujinga wa fundi ni huu, niamini: jambo la kwanza lililonijia halikuwa woga. Niliwaza kwamba analowesha sponji ya mteja.

"Mama, umeingilia wapi?"

"Umeshampa?"

"Bado. Kwani wewe ni nani?"

"Kama bado, kuna nafasi." Akanyoosha mkono. "Njoo nikuonyeshe unataka kumpa nini."

Nilienda. Usiniulize kwa nini, hata mimi hujiuliza. Akaniwekea kiganja juu ya nyonga ya kushoto, taratibu, kama mtu anayepapasa kitambaa kabla hajanunua.

Mungu wangu. Mimi nimejipiga nyundo, nimeangukiwa na mbao, msumari umewahi kunipita kiganja. Hayo yote ni mchezo. Hii ilikuwa mfupa unasaga mfupa, kavu kabisa, na kila pumzi niliyovuta iliusukuma tena. Nilipiga magoti. Nilitaka kupiga kelele, na hapo nikagundua jambo lililonitisha kuliko yule mgeni mwenyewe: sauti haikutoka. Hakuna aliyeniziba mdomo. Ni vile kulia kungenitikisa, na kutikisika kungeniuma zaidi. Nikamtazama Kamanda, naye ananitazama, tuko kimo kimoja pale chini. Nikaelewa kwa nini mbwa wangu alikuwa amenyamaza siku zote hizo.

"Hayo ni yake," akasema. Kisha akashusha mkono tumboni kwangu. "Na haya ndiyo ya kwako, ambayo ungempa leo."

Ulikuwa moto. Ulianza chini ya mbavu ukateremka, na kooni nikaonja damu. Halafu kiunoni, huku nyuma figo zinapokaa, pakawa pazito kama nimefungwa mawe, na kiu ikanikamata ambayo najua maji ya mvua yote ile yasingeimaliza. Nilitapika pale pale kwenye vumbi la mbao. Nikamwomba, "Mama, tafadhali. Imetosha."

Nilipoinua kichwa hapakuwa na mtu. Komeo liko mahali pake.

Sasa nikuambie kitu ambacho fundi wa makochi hawezi kudanganywa nacho. Najua binadamu akikalia sponji anaacha alama gani. Pale palikuwa na shimo la mviringo, kama bakuli, lile ambalo mbwa huliacha akishazunguka na kujikunja. Sponji yenyewe kavu, haina hata tone. Na mpaka leo shimo lile halijarudi juu. Nilikikata kipande hicho, niko nacho nyumbani.

Moto wa tumboni uliondoka naye. Nyonga aliniachia niibebe.

Tonge lile nililitupa chooni pamoja na tembe zilizobaki. Nikalala chini kando ya Kamanda, ingawa kulala ni jina tu. Kulipoanza kupambazuka nikampakia kwenye mkokoteni, nikamtandikia sponji, nikausukuma nikichechemea, ili tuwe mbali kabla Mzee Njuguna hajatoka.

Daktari wa mifugo alikuwa msichana asiye na maneno mengi. Alimpima uzito, akamkunja miguu polepole, akasema viungo vimesagika kwa uzee. Kisha, kabla hajagusa dawa yoyote, akanigeukia akauliza, "Umeshampa kitu?"

Kwanza nikamtazama kama amelowa. Nikamwambia bado, ila nilitaka, nikamweleza tembe zenyewe.

"Una bahati," akasema. "Dawa nyingi za watu hutoboa tumbo la mbwa na kuua figo. Hata zile za kichwa mnazoona ni za kawaida, zinaweza kumharibia ini."

Akanipa za mbwa, kwa kipimo cha uzito wake, ale kwanza ndipo ameze. Nisizichanganye na nyingine, na nisiongeze hata nikimwona bado anateseka, bali nirudi kumuuliza. Akitapika, akikataa chakula, au choo kikiwa cheusi kama lami, niache dawa nimlete mbio. Alale pakavu na palaini, atembezwe kidogo kidogo, na nisimwache anenepe. Haikuwa uchawi wowote, ilikuwa maneno ya kawaida tu, na mimi niliyasikiliza kama nasomewa hukumu.

Sikumrudisha Kawangware. Nilimleta Gatwekera, na Mama Mwende alinung'unika mchana kutwa, halafu nikamkuta amemfunika na shuka letu. Baada ya siku chache Kamanda alisimama. Alienda mpaka mlangoni, akatazama mvua, akarudi akalala. Nililia, sioni haya kusema. Alikuja kufa mwaka uliofuata, bila kuteseka, kichwa chake juu ya paja langu na yule daktari akiwa hapo.

Ungedhani nyonga yangu ingepona baada ya hapo. Haikupona. Asubuhi inanigusa, kisha inatulia, natembea kama watu, mpaka nipite mlango fulani ndipo inanishika. Mara ya kwanza kunishika hivyo ilikuwa nje ya geti la Mzee Njuguna, anakomfunga kwa mnyororo mbwa wake mzee. Nikabisha.

"Mzee, mbwa wako anaumwa."

"Anaumwa wapi? Alikuwa na ukali tu umezidi, anataka kuuma hata mimi. Nimempa dawa zangu za magoti. Tangu jana ametulia kabisa."

Nikamuuliza choo cha mbwa kina rangi gani. Alinitazama kama nimerukwa na akili, lakini akaenda nyuma ya nyumba kuangalia, na aliporudi akasema, "Cheusi," akaanza kumfungua mnyororo. Tulimbeba mimi na yeye, tukamweka kwenye mkokoteni ule ule. Tukasukuma pamoja, mzee mzima anakimbia kwenye matope na viatu vyake vya kanisani. Hatukuwa tumefika kwa daktari nyonga yangu ilipoachia ghafla. Nikajikuta nimesimama wima katikati ya barabara, mzima kama kijana.

"Mbona umesimama, fundi?" Mzee akaniuliza. "Sukuma."

Nikatazama mbavu za mbwa, hazikuwa zikipanda tena. Nikasukuma.

Kwa hivyo mkebe wako uache mahali ulipo, au bora uutupe kabisa. Mbwa wako akizeeka, akaanza kuinuka polepole, akalamba mahali pamoja, akawa mkali bila sababu au akanyamaza tu, usingoje alie. Mpeleke kwa anayejua. Na siku ukiniona nje ya geti lako, mkono nyongani, nimeinama, usinikaribishe chai wala usiniulize nimepotea njia. Rudi ndani mbio ukamtazame mbwa wako, na umwombe Mungu nisisimame wima.