Mawe yetu yalikuwa yafukie mashimo ya barabara, na mimi barazani sina kura

Wakuu, heshima zenu. Walio kazini poleni, walio kijiweni sogeeni kidogo nami nikae.

Haya yamenikuta mimi mwenyewe hapa Kolwezi, sikuhadithiwa na mtu. Majina nimeyaficha kwa sababu bado naipenda kazi yangu. Kama kuna chai humu ndani, ni ile iliyonimwagikia kwenye kitenge, na nitaieleza.

Mimi ni mwalimu wa jiolojia katika chuo kikuu kimoja cha serikali huku Lualaba. Sijawa profesa. Cheo changu kwa Kifaransa ni chef de travaux, yaani mtu anayefundisha sana na kusikilizwa kidogo.

Sasa baraza la uongozi la chuo, wale wakubwa wanaoamua majengo na mambo yote mazito, lilifungua kiti kimoja kwa ajili ya walimu. Zamani hatukuwa na mtu mle. Maamuzi tulikuwa tunayasoma ubaoni pamoja na wanafunzi.

Tukafurahi, mpaka tuliposoma masharti. Mwakilishi wa walimu ataongea, ila hatapiga kura.

Ghafla maprofesa wote wakawa na shughuli. Mimi nilikuwa Kasaji kwenye matanga ya shangazi, mtandao wenyewe wa kuvizia. Niliporudi nyumbani Dilala, hapahapa Kolwezi, simu ikajaa pongezi: wamenichagua mimi. Wanasema asiyekuwepo na lake halipo. Mimi sikuwepo, na langu likawepo.

Kikao cha kwanza nilikwenda na kitenge kipya na kurasa kumi na mbili za Kifaransa kizito. Kiti changu hakikuwa mezani, kilikuwa mlangoni karibu na birika. Kabla sijafungua mdomo nikamwagiwa chai mapajani, nikajikausha kwa ukurasa wa mwisho.

Zamu yangu ilikuwa ile ya "divers", yaani mengineyo, mwisho kabisa, wakati harufu ya kuku imeshaingia ukumbini. Nilisoma ukurasa mmoja na nusu. Mwenyekiti, mzee mstaarabu tunayemwita Tata Président, yaani Baba Mwenyekiti, aliyestaafu kazi ya ofisi migodini, akanishukuru kwa upole na kuomba niache karatasi. Nikaziacha. Baadaye nikaziona chini ya sahani ya mikate.

Hilo ningelisamehe. Lakini siku hiyohiyo lilisomwa pendekezo la kuamuliwa kikao kijacho: hangari yetu, lile ghala la idara ya jiolojia, isafishwe iwe ukumbi wa sherehe, na mawe yaliyomo yafukie mashimo ya barabara ya chuo kabla ya mvua.

Wakuu, niliondoka bila kumgusa yule kuku.

Niwaeleze hayo mawe. Kampuni ya zamani ya migodi ilipokuwa inatoboa ardhi kutafuta madini, ilitoa vipande vya mawe vya mviringo, virefu kama mihogo, ikavipanga kwenye masanduku ya mbao. Kila sanduku limeandikwa kilima gani na kina gani. Baadaye wakatuachia chuoni. Humo ndimo wanafunzi wetu wanajifunzia kusoma ardhi, na mimi pia nilijifunzia humo.

Na kuna jambo linaloniuma zaidi. Vilima vingi vilivyotoa mawe hayo havipo tena. Vimechimbwa, leo ni mashimo. Kilichobaki cha vilima hivyo kiko ndani ya yale masanduku, na sasa baraza lilitaka kikanyagwe na matairi.

Niliwaeleza wenzangu. Mmoja akataka mgomo, mwingine akataka barua kwa waziri, wa tatu akataka kamati ya kuandika hiyo barua. Mimi nikaanza kuandika kurasa nyingine, safari hii kumi na tano. Sikio la kufa halisikii dawa.

Aliyeniokoa ni Tata Kabwe, mzee anayetunza hangari tangu mimi nikiwa mwanafunzi. Alinikuta naandika, akasimama na ufagio wake.

"Mama, bale bakubwa balishaka kuona ile majiwe?"

Nikasema sidhani.

"Basi ubabebee. Karatasi habasomake."

Siku ya kikao tukapanda pikipiki mbili. Mimi mbele, Tata Kabwe nyuma akiwa amekumbatia sanduku kama mtoto mchanga, limefungwa kwa mpira wa tairi. Kila kwenye shimo nilikuwa nageuka kuangalia. By the way, barabara ile kweli ina mashimo, hapo baraza halikusema uongo.

Mlinzi alikataa mawe yasiingie. Nikamwambia ni nyaraka za kikao. Akatuangalia, akafungua.

Hoja ya hangari ilikuwa ya tatu. Nikanyoosha mkono kulekule mlangoni, nikaomba kuonyesha kitu kabla hawajapiga kura. Tukaweka sanduku katikati ya meza. Vumbi likatua juu ya mafaili, na mtu mmoja akacheka waziwazi. Yalionekana kokoto tu, ya kijivu, yasiyo na hadithi.

Sasa wenye fani wanajua: jiwe kavu halisemi kitu, lazima ulilowanishe. Nikachukua chupa ya maji iliyokuwa mbele ya Tata Président, bila ruhusa, nikamwaga yote.

Wakuu, rangi zikatoka! Kijani cha shaba, mistari ya waridi, kisha weusi mzito unaong'aa. Viti vikaanza kusogea. Dakika moja baadaye baraza zima lilikuwa limesimama limeinamia sanduku, na mimi kwa mara ya kwanza nilikuwa mezani.

Mnajua Kolwezi. Hapa kila mtu ni mtaalamu wa mawe, dereva mtaalamu, muuza sambusa mtaalamu. Nikawauliza ule weusi ni nini.

"Ile yeusi ni cobalt," akasema Tata Président. "Ata mutoto wa Kolwezi anajua ile."

Nikamuuliza wa pili, akasema kobalti. Wa tatu naye kobalti. Mama mmoja mfanyabiashara wa Fungurume, anayewakilisha wazazi, alilishika jiwe, akalipima kwa mkono, akasema kobalti. Niliwazungukia wote, na nakiri nilikuwa nafaidi.

Kisha nikachomoa karatasi ya maabara iliyobandikwa chini ya kifuniko cha sanduku, nikampa Tata Président. Akavaa miwani, akasoma kwa sauti. Manganizi, madini mengine meusi. Kobalti hakuna kabisa.

Akaigeuza karatasi kutazama nyuma, nako hakuna kitu.

Sikuwacheka. Niliwaambia hata mimi nilikosea mwaka wangu wa kwanza, kwenye sanduku hilihili, na aliyenisahihisha ni huyu Tata Kabwe. Nikawaambia kilima cha jiwe hili hakipo, hatuwezi kurudi kuchukua jingine. Hotuba nzima haikufika ukurasa mmoja.

Mama wa Fungurume ndiye aliyeongea wa kwanza.

"Sisi bote apa tulikosa. Sasa batoto batajulia wapi?"

Ikapigwa kura. Mimi nilikalia mikono yangu ili isinyooke yenyewe. Mama wa Fungurume akanyoosha wa kwanza kulinda hangari, kisha mwingine, kisha yule aliyecheka. Wakatosha. Tata Président hakunyoosha upande wowote, macho yake yalikuwa bado kwenye jiwe.

Nje nilimkumbatia Tata Kabwe nikalia kama mjinga. Yeye aliuliza tu kama sanduku limelowa sana.

Nilichojifunza: kiti bila kura si pambo ukikikalia vizuri, ila usidanganyike, si haki pia. Siku ile hatima yetu ilikuwa mikononi mwa watu wengine, na ingeweza kwenda vingine. Anayefundisha kwenye lile jengo anastahili kunyoosha mkono. Na kama una jambo, peleka jambo lenyewe. Karatasi zina sahani za kubeba.

Siku mbili baadaye Tata Président alikuja hangarini peke yake, kwa miguu. Akatoa leso mfukoni, ndani kuna jiwe jeusi. Alipewa na wenzake siku ya kustaafu, liko juu ya kabati la televisheni miaka yote, na kila mgeni anaambiwa ni kobalti. Akaomba tulipime.

Tulikwangua kidogo, tukapeleka maabara yetu. Majibu yalipotoka nilimpa karatasi mkononi. Akaisoma mara mbili, akaikunja.

"Mama, ile habari ibakie apa."

Nikamuahidi kwamba barazani hatasikia mtu. Na ahadi nimeitunza, wakuu, nyie hampo barazani.

Juzi nimepokea ajenda ya kikao kijacho. Kura kwa mwakilishi wa walimu imeandikwa, na haiko kwenye mengineyo. Ni hoja ya kwanza, kabla ya kuku.

Walimu wenzangu mlio Lubumbashi, Bukavu, Dar na kwingineko, huko kwenu mna kura au mna kiti tu? Semeni hapa chini, nasoma zote.