Jumapili Oveni Yangu Ilipotutoa Sote Nje

Bora mnisikie mimi mwenyewe, kwa sababu msiponisikia mimi mtamsikia mchumba wangu Clarisse, na Clarisse kila akihadithia anaongeza gari moja la zimamoto (lilikuwa moja tu, jamani, na halikukaa). Aibu ninayo, sikatai. Hata leo nikikutana kwenye lifti na yule jirani mwenye mbwa mdogo, najifanya nasoma simu.

Clarisse na mimi tulikuwa tumeshakubaliana mambo yetu, lakini mama yake alikuwa hajanipitisha. Mama ni Mrundi, alikimbia vita kwao akiwa msichana, akakaa kambini Tanzania miaka mingi, huko ndiko alikomzaa Clarisse, na sasa wako Fairfield, jiji hilihili ninaloishi mimi. Hakuwa na neno na Wakenya kama mimi, ila wanawake wa kanisani kwake walikuwa wamemwambia kwamba wanaume wa Kenya huoa ili wapikiwe, na mimi badala ya kunyamaza nikamwambia kwenye simu kwamba mimi hupika mwenyewe, tena vizuri, aje kwangu Lidcombe Jumapili aone. Ukweli ni kwamba nilikuwa najua kupika mayai (na ugali, mgeni asipokuwa mchaguzi).

Ulikuwa mwezi wa tano, ambapo huku kusini mwa dunia majani yanaanguka, baridi inaanza kuuma asubuhi, na kila ukifungua simu watu wa hapa wanakuonyesha vyakula vyao vya msimu huo, nyama nzito ya kupikwa polepole na malenge na karoti, na wote wanaapa ni rahisi, unatia kila kitu kwenye sufuria halafu unaiacha oveni ifanye kazi. Hiyo ndiyo kazi ninayoipenda, ile inayofanywa na mwingine. Nikanunua miguu ya kondoo, malenge, karoti, vitunguu, nikavijaza kwenye sufuria nzito ya chuma niliyoazima kwa rafiki, nikaisukuma ndani asubuhi kwa moto mdogo nikaenda kanisani, na niliporudi nyumba ilikuwa inanukia mpaka nikajiheshimu.

Ningeishia hapo, leo nisingekuwa na cha kuwahadithia. Lakini nikaona chakula kimekuwa rahisi mno, kinahitaji kitu cha kuonyesha ufundi. Sasa, mimi nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na kuna mzee mmoja Mwitaliano, Renzo, ambaye wiki hiyo nikimvalisha soksi aliniambia kwamba msimu huu bila chesnati za kuchoma si msimu (chesnati ni kama njugu kubwa za kahawia, ganda lake gumu linang'aa, na ndani ni tamu kama kiazi kitamu). Akasema niwashe oveni moto mkali, nizipange kwenye sinia, halafu akaninyooshea kidole, na kwa Kiingereza chake cha kukatakata akasema nisisahau msalaba, msalaba ndio muhimu. Nikajiambia, Waitaliano ni Wakatoliki, na mimi ingawa si Mkatoliki sioni ubaya kuheshimu mila za watu.

Basi wageni wakafika. Mama alivaa kitenge chake cha Jumapili, akakagua sebule, akaomba akanawe mikono (nilisikia akifungua kabati la bafuni), akaketi. Nikaitoa nyama nikaiweka mezani, nikapandisha moto wa oveni, nikapanga chesnati kwenye sinia zikiwa nzima nzima, nikazifanyia ishara ya msalaba kwa heshima zote, nikafunga mlango wa oveni. Tukaomba, tukaanza kula. Mama akala, kisha akaongeza malenge bila kuambiwa. Clarisse akanigusa mguu chini ya meza, na mimi kichwa kikavimba, nikaanza kueleza jinsi mwanaume wa siku hizi anavyopaswa kulijua jiko lake.

Ndipo ya kwanza ikalia, na ililia kama bunduki. Zikafuata nyingine kwa mpigo, mlango wa oveni ukatikisika. Mimi nilijua ni chesnati, lakini Mama hakuwa Lidcombe tena. Sijawahi kuona mtu mzima akienda kwa kasi ile. Mkono mmoja ulinikamata ukosi wa shati ukaniburuta kutoka kitini pamoja na bakuli langu la mchuzi, na kabla sijapata neno nilikuwa chini ya meza, uso kwenye zulia, yeye amenikandamiza kichwa na kuniambia kwa sauti ya chini, sauti ya mtu ambaye amewahi kuyasema maneno hayo: "Usiinuke. Usiinuke mpaka nikwambie."

Clarisse alikuwa bado kitini, kijiko mkononi, akisema, "Mum, it's the oven."

Nilitaka kueleza, lakini niambieni ninyi, chesnati kwa Kiswahili ni nini? Nikasema, "Mama, ni matunda," na palepale tunda jingine likalipuka, naye akanikandamiza zaidi. Moshi nao ukaanza, maana vipande vilikuwa vinaungua kwenye vyuma vya oveni. Nikajichomoa, nikatambaa, nikazima moto, na kwa kuwa mlango wa kutokea ulikuwa karibu kuliko dirisha, nikaufungua moshi uende kwenye korido. Yeyote aliyekaa kwenye fleti za hapa anajua (mimi nilikuwa mgeni) kwamba king'ora cha moshi cha ndani ni chako peke yako, lakini cha korido ni cha jengo zima, na kinaita zimamoto bila kumwuliza mtu.

Tukatoka wote, ghorofa zote. Kulikuwa na watu wenye pajama, kulikuwa na yule wa mbwa na mbwa wake, kulikuwa na bwana mmoja mwenye povu la shampuu kichwani, na kulikuwa na mimi, mchuzi kifuani. Zimamoto wakaja, wakapanda, na mkubwa wao, mwanamke mrefu, akashuka ameshika sinia langu, akauliza mbele ya watu ni la nani. Nikainua mkono. Akaniuliza kama nilikata msalaba kwa kisu juu ya kila ganda ili mvuke upate pa kutokea. Nikajibu kwamba msalaba nilifanya. Akaziangalia mbili zilizobaki nzima, akaniangalia mimi, na Clarisse, ambaye alikuwa ameniona nikizibariki, akacheka mpaka akakaa ukingoni mwa barabara.

Mama hakucheka. Alikuwa amekaa kwenye ukuta mfupi wa bustani, na ndipo nikaona amepakata sufuria ya nyama, ameishika masikio kwa kitambaa changu cha meza, na haiachii. Hapo aibu ya mchuzi na ya sinia ikaniisha, ikaja nyingine. Nikakaa karibu naye nikamwomba msamaha, si kwa chakula, kwa ule mlio. Akafunua sufuria akachungulia ndani.

"Siku ile ya kukimbia kwetu nilishika watu, nikaacha chakula," akasema. "Tulilala njaa. Leo nimeshika yote mbili."

Clarisse akamkumbusha kwa Kiingereza kwamba yeye, binti yake wa kumzaa, aliachwa kitini.

"Wewe unajua kukimbia," Mama akamjibu. "Huyu hajui hata kuchoma karanga. Bon. Jumapili ijayo mutakuja kwangu, mimi nitapika."

Hivyo ndivyo nilivyopitishwa, wenzangu, si kwa ufundi bali kwa huruma, na sioni haya kuipokea. Nimeapa kutopika tena kitu nisichojua jina lake katika lugha yangu yoyote, na mzee akinielekeza jambo la jikoni namwomba alirudie kwa vitendo. Fairfield tunakwenda kila nikipata Jumapili bila zamu. Mama anapika, Clarisse anakatakata vitunguu, na mimi nimepewa vyombo vya kuosha, vile visivyovunjika.