Marais Saba kwenye Ubao wa Aling Ludy

Saa tatu asubuhi, nusu saa kabla soko la hisa halijafunguliwa, Ludivina Magsino, ambaye wote humwita Aling Ludy, anakoroga uji wa mchele na tangawizi kwenye jiko lililobanwa kati ya ngazi na choo. Mkono mmoja unakoroga, mwingine unapanga vikombe tisa, na macho yako mlangoni.

Mlango unasukumwa. Anaingia Bibi Go Siok Hua, miaka sabini na minane: blauzi nyekundu, mkoba mwekundu, viatu vyekundu.

"Yesu na Maria! Huyu kaja kutuzika," anapiga kelele Mang Teroy, fundi mstaafu wa meli, kutoka safu ya pili. "Rais anazungumza leo, na wewe unatuvalia nyekundu? Rudi ukabadilishe!"

"Kabadilishe wewe macho," anajibu Bibi Go na kukaa kiti cha mbele. "Ludy, uji. Na usinipe yai la jana."

Katika ukumbi huu wa wateja wa kampuni ya madalali wa hisa, ghorofani katika mtaa wa Binondo, nyekundu kwenye skrini ni bei iliyoshuka. Kwa Bibi Go, kama kwa Wachina wengi wa mtaa huu, nyekundu ni heri. Ugomvi huo una zaidi ya miaka ishirini, na chanzo chake ni Aling Ludy mwenyewe.

Ijumaa hii ukumbi unafungwa kabisa. Siku hizi watu wananunua hisa kwa simu. Viti arobaini vimebaki na wazee tisa, na kampuni inataka nafasi yake. Aling Ludy ana miaka sitini. Mshahara wake wa usafi na kahawa ni peso elfu kumi na saba kwa mwezi, na kiinua mgongo chote ni cha ada ya binti yake wa mwisho, anayemaliza chuo.

Lakini chini ya ngazi kuna duka tupu lililokuwa la maandazi, mali ya Bibi Go. Aling Ludy analitaka. Apike, aweke viti, na atundike ule ubao wa zamani wa kuandikia bei, ambao bado umeegemezwa nyuma ya kabati. Wazee wapate pa kukaa, naye apate riziki.

"Kodi ya miezi mitatu mbele, kabla ya Ijumaa," Bibi Go alishasema. "Peso laki moja na thelathini na tano. Uji ni uji, duka ni duka."

Akiba pekee ya Aling Ludy ni hisa elfu sita za kampuni ya umeme, alizokuwa akinunua kidogo kidogo tangu rais wa tatu. Humu ukumbini miaka haihesabiwi, wanahesabiwa marais. Aling Ludy aliajiriwa chini ya rais wa kwanza baada ya mapinduzi, akajifungua mtoto wa kwanza chini ya wa pili, akafiwa na mume chini ya wa tano. Huyu wa sasa ni wa saba.

Ili apate fedha zote, kila hisa inabidi ifike peso ishirini na mbili na nusu. Na leo rais anatangaza bei ya umeme.

"Akiipunguza, bili yangu inashuka na hisa zangu zinashuka," anasema akimwagia uji vitunguu. "Akiiacha, nyumbani naungua lakini duka napata. Sasa mimi nimwombe Mungu kipi?"

Hadi saa sita hisa imefika peso ishirini na moja. Pengo ni peso elfu tisa, zaidi ya nusu ya mshahara wake.

"Uza sasa, fedha inayopungua utaitafuta," anasema Bibi Go bila kugeuka.

"Asiuze!" anakatiza Mang Teroy. "Uchaguzi uko mbali. Rais hagusi umeme mpaka atake kura. Ngoja mchana uone."

Aling Ludy anangoja. Soko linafungwa kwa saa moja ya chakula, na kwa saa hiyo hakuna anayeweza kuuza wala kununua. Anagawa tambi. Mazungumzo, kama kawaida, yanarudi kwenye chaki.

Zamani hapakuwa na skrini. Karani alishika simu ya sokoni na kutaja bei kwa sauti, naye Ludy, msichana mwembamba juu ya ngazi ya mbao, aliandika ubaoni na kufuta kutwa nzima.

"Tulikuwa hatutazami ubao," anakumbuka Mang Teroy. "Tulikuwa tunasikiliza chaki. Ikienda polepole, tunasinzia. Ikikimbia, kahawa tunaacha."

Chaki ilikimbia kuliko siku zote soko lilipofunguliwa baada ya rais wa tatu kuondolewa na umati uliojaa barabarani. Wanunuzi walikuwa wamezuia fedha zao kwa miezi, sasa wote walizitoa kwa mara moja. Kipande cha mwisho cha chaki kilivunjika mkononi mwa Ludy, na karani hanyamazi.

"Nikasikia kitu kimenigonga mgongo," anasema Aling Ludy akimwonyesha Bibi Go. "Rangi ya mdomo. Kanirushia huyu."

Aliandika bei zote kwa rangi hiyo, nyekundu, na zote zilikuwa zinapanda. Tangu hapo Bibi Go hajavaa rangi nyingine siku rais anapozungumza.

Kicheko kinakatika. Rais yuko kwenye televisheni. Anaongea habari za familia, habari za joto, kisha anasema: bei ya umeme itapunguzwa kwa mwaka mzima, na kampuni zitabeba hasara.

Hakuna anayemaliza tambi zake. Saa saba soko linafunguliwa, na hisa ya umeme inaanza kwa peso kumi na nane na senti tisini. Nyekundu.

"Si hagusi umeme?" Aling Ludy anamwambia Mang Teroy.

Bibi Go naye ana hisa za kampuni hiyo, nyingi kuliko za wengine wote humu. Anazitazama zikishuka hadi soko linapofungwa saa tisa. Kisha anasimama.

"Ludy. Kodi ya mwezi mmoja inatosha."

"Bibi Go, usinionee huruma."

"Huruma ya nini? Nyumbani wake za wanangu wananiambia nikalale. Mchana! Mimi nataka kiti cha mbele. Na nisiambiwe cha kuvaa."

"Hapo sasa!" anaguna Mang Teroy.

"Wewe utakaa nyuma," anaambiwa.

Kodi ya mwezi mmoja ni peso elfu arobaini na tano. Aling Ludy atauza sehemu tu ya hisa. Zilizobaki anasema atazishika mpaka rais wa nane.

Jumatatu, ikifika saa tatu na nusu, anatarajia kufungua. Bei atazisoma kwenye simu ya binti yake na kuziandika ubaoni kwa mkono, kwa sababu wazee wake hawaoni herufi za simu. Bega la kulia linamuuma, na ile ngazi ya ubao haijapandwa siku nyingi. Tayari amenunua pakiti mbili za chaki nyeupe.

"Sijui kama zitatosha," anasema akikusanya vikombe. "Marais wa siku hizi wanaongea sana."

Bibi Go, akiwa ameshashika kitasa cha mlango, anapigapiga mkoba wake mwekundu. "Zikiisha, rangi ninayo."