Kazi Iliyoandikwa kwenye Karte ya Mama

Mama yangu hakujua kusoma, na mimi nilimdanganya. Naanza hapo, kwa sababu kila nikijaribu kuanzia pengine najiona natafuta visingizio.

Karte za raia, vile vitambulisho vya Serikali, zilipotolewa Bunia, nilikuwa mwaka wa tano wa shule ya primaire. Mama alitoka kwenye mstari wa bureau, ofisi ya Serikali, moja kwa moja hadi nyumbani kwetu Mudzipela, miguu ingali na udongo wa shamba, akanipa niisome. Jina, sawa. Mahali alipozaliwa, sawa. "Na kazi? Wameandika kazi gani?" Palikuwa na neno moja tu la Kifaransa: néant. Nililijua. Ndilo mwalimu alilotufundisha kuandika mahali pasipo na jibu.

Nikatazama mikono yake. Shamba letu la njia ya Bogoro alilifyeka mwenyewe, akang'oa visiki mwenyewe, Baba akiwa kwenye machimbo ya dhahabu Mongbwalu. Mihogo alilima yeye, akaloweka yeye, akatwanga yeye, na kalamu yangu ya shule ilinunuliwa kwa unga huo. Sasa nimwambie hakuna? "Wameandika mulimaji," nikasema.

Alicheka, Mungu wangu, alivyocheka! Akaifunga ndani ya nailoni, na miaka yote ile akawa anawatania majirani: "Miye hata Serikali iko inanijua!" Nami nikanyamaza. Zamani nilijiambia ulikuwa upendo. Wapi! Ulikuwa woga.

Baba alipokufa, hata matanga hayajaisha, baba mukubwa akasema shamba lilikuwa la ndugu yake na sasa linarudi kwa ukoo. "Weye ulikuwa unafanya nini? Ulikula tu jasho ya ndugu yangu." Mtu huyo hakuinua jembe pale hata asubuhi moja! Lakini Mama hakugombana. Kesi ilipofika mbele ya shefu, chifu wa eneo letu, alifungua nailoni yake polepole, akatoa karte kwa mikono miwili.

"Soma," akamwambia karani wa shefu. "Kazi yangu iko hapo."

Karani akasoma. "Néant. Ni kusema hakuna."

"Angalia muzuri. Mutoto wangu alisoma, iko mulimaji."

Wote wakanigeukia. Karani akanisogezea karte. Nilikuwa msichana mkubwa sasa, Kifaransa changu safi, na nilitamani ardhi inimeze. "Hakuna," nikasema. Baba mukubwa hakuficha hata kicheko. Shamba likaenda, pamoja na mihogo iliyokuwa bado ndani ya udongo.

Tulirudi kwa miguu. Nilingoja anitukane, ningemshukuru. Alitembea mbele yangu mpaka karibu na nyumba, akasimama.

"Ungeniambia siku ile ile," akasema. "Bureau haikuwa mbali. Ningerudi kule, niwaonyeshe mikono."