Walioomba na Wasioomba

Nikisikia mtu anasema vijana wa shamba hawana uthubutu, damu hunichemka. Sehemu ya hasira hiyo ni yangu mwenyewe, kwa sababu sentensi kama hiyo niliwahi kuichapa kwa vidole vyangu hivi na nikaiona nzuri.

Nilikuwa nimepata mkataba wa miezi michache kwenye utafiti mmoja huko Dar es Salaam. Kazi ilikuwa kulinganisha wanafunzi wanaosajiliwa katika vyuo vikuu viwili vinavyosifika kuliko vingine: wametoka shule gani, wazazi wao wanafanya kazi gani, nani anaingia udaktari, nani anaingia sheria, na nani hata maombi hapeleki. Wasomi huita hayo kuchunguza matabaka ya jamii. Sisi wa kijijini Zinga tungesema tu tunatazama mtoto wa nani anapita mlango gani. Haikuchukua muda kuona. Orodha za vyuo vyote viwili zilijaa shule zile zile chache, za bweni, za ada zinazotisha. Kwa shule za ndani ya wilaya yetu, kwenye safu ya walioomba udaktari, hapakuwa na hata jina moja.

Mkuu wa utafiti alikuwa mtu mpole, mzaliwa wa mjini, asiyepandisha sauti hata kwa dereva. Aliitazama ile safu, akasema vijana hawa wanajikataa wenyewe kabla hawajakataliwa. Nikaichapa kama alivyoitamka. Kisha tukanywa chai.

Mimi sikupaswa kudanganyika. Baba yangu alikuwa mwalimu, Mkristo wa bara aliyeletwa pwani na kazi akabaki. Mwaka nilioomba chuo aliweka machaguo yangu mezani siku tatu, akiyapanga na kuyapangua, akiwapigia simu walimu wenzake. Nilipochaguliwa nilidhani ni akili zangu. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Baadaye nikapewa madodoso niwapelekee vijana waliomaliza kidato cha sita huko ndani ya wilaya yetu, ili wajieleze wenyewe kwa nini hawaombi. Katika kijiji cha Miono nikampata binti mmoja wa mkulima wa ufuta. Alikuwa amesoma sayansi, na matokeo yake yangewafanya wazazi wa Masaki, kule kwa matajiri wa Dar, waite wapiga picha. Mstari ulipouliza kama aliomba udaktari kwenye chuo cha kwanza kati ya vile viwili, akatia tiki kwenye ndiyo. Chaguo la kwanza, akaniambia, na la pili ni udaktari huo huo kwenye kile chuo kingine. Aliyemjazia maombi ni bwana wa steshenari pale Msata, maana ndiye anayewajazia wote. Nikarudi Dar nimefurahi, kama vile nilikuwa nimemzaa mimi.

Ofisini tukatafuta namba yake ya mtihani kwenye orodha za walioomba. Haikuwepo, si chuo hiki wala kile. Mkuu akasema binti amejibu kwa aibu, wengi hufanya hivyo, na akaniagiza nirudi nimsaidie kurekebisha jibu. Neno hilo, kumsaidia, nilikwenda nalo njia nzima.

Nikaanzia Msata. Steshenari ile ilikuwa karibu na wanapoegesha malori, na nje pamebandikwa karatasi: Maombi ya vyuo na mikopo, hapa hakosi mtu. Mwenyewe alikuwa baba wa makamo, nadhifu, mwenye salamu ndefu. Nilipomtajia binti alifungua daftari lenye namba za mtihani na nywila za vijana wote wa ukanda ule, akanionyesha kwa fahari. Chaguo la kwanza ualimu. La pili ualimu. La tatu ualimu, yote kwenye vyuo ambavyo, alisema, watoto wa huku wamezoea kupata. Nikapitisha kidole kurasa tatu nyuma. Ilikuwa vivyo hivyo, kijana baada ya kijana.

Nikamuuliza udaktari uko wapi, na kwa nini hakuandika alichoambiwa. Hakujificha wala hakukasirika, na hilo ndilo lililonikera zaidi.

"Dada, zamani nilikuwa namjazia kila mtu anachotaka. Wakakosa, na wazazi wakaja hapa kuniita tapeli. Tangu nianze kuwajazia mimi, hakosi mtu."

Nikamuuliza kama aliziangalia alama za yule binti. Akasema hapana, aliangalia shule aliyotoka. Alisema hivyo kama mtu anayeeleza ustadi wake. Yule mkuu wetu na huyu bwana hawajawahi kuonana, lakini walikuwa wanafanya kazi moja: mmoja anawakataa watoto asubuhi, mwingine jioni anaandika kwamba wamejikataa. Nami ndiye niliyekuwa mchapaji.

Kulikuwa na zaidi. Maombi yote aliyasajili kwa namba yake ya simu, kwa hiyo ujumbe wa kuchaguliwa ulimfikia yeye, na siku hiyo hiyo akathibitisha nafasi ya ualimu ili isipotee. Nilisimama nje nikapiga simu vyuo vyote viwili. Nafasi za udaktari zilikuwa zimejaa. Nikaambiwa anaweza kuiacha aliyopewa na kuomba upya mwaka unaofuata, ila mkopo aliokwisha kupewa hauna ahadi ya kupatikana tena.

Miono nilipokelewa kwa furaha isiyo yangu. Baba wa binti alinikaribisha kwenye mkeka, nikamwamkia, akaitikia marahaba huku anacheka. Alikuwa amepigiwa simu kutoka Msata kwamba binti amepata chuo. Walikuwa wameshasoma dua, na asubuhi ile alikuwa amempakia jogoo kwenye bodaboda ampelekee yule bwana kama asante. Jogoo huyo yamkini nilipishana naye njiani. Binti mwenyewe alikaa kando ya mama yake, akitabasamu akitazama chini. Alikuwa anasubiri barua. Wote walijua ni udaktari, kwa sababu ndicho alichoomba.

Niliwaambia. Nilitafuta namna laini ya kusema na haikuwepo, nikasema tu kama ilivyokuwa kwenye daftari. Mzee akauliza kama ualimu nao si chuo. Mimi mtoto wa mwalimu, nilisema ni chuo, baba, tena kazi ya heshima. Sikuongeza kwamba heshima yenyewe ni kuichagua. Yeye akaanza kujiliwaza kwamba yule bwana hakuwa na nia mbaya, na mke wake akaingia ndani.

Kisha nikatoa dodoso kwenye mkoba. Aibu niliyoiona sijui kuieleza. Nikamweleza binti kwamba ofisi inataka jibu lake lilingane na orodha ya chuo, kwa hiyo tiki ihame kutoka ndiyo kwenda hapana, na chini yake achague sababu: hakuvutiwa, umbali, ada, au alihofia kukosa. Alizisoma zote nne polepole. Nilimpa kalamu, akaishika, akanirudishia.

"Tiki yangu iko sahihi, dada. Mimi niliomba."

Niliikabidhi karatasi ofisini kama alivyoiacha, na safari hii nilisema mpaka watu wa chumba cha pili wakasikia. Mkuu alinisikiliza hadi mwisho. Alisikitika, na naamini alisikitika kweli. Lakini akasema karatasi inayopingana na orodha haiwezi kuhesabiwa, na mambo ya steshenari yako nje ya mipaka ya utafiti. Nikaomba walau ile sentensi ya kujikataa iondolewe. Akasema ndiyo kiini cha ripoti.

Binti alikwenda kuripoti kwenye chuo cha ualimu. Mkopo ukishaushika, kwa watu wa huku, si kitu cha kuuachia ukitumaini mwakani.

Ripoti imetoka, ina jalada zuri, na jina langu limo kwenye shukrani. Nimeisoma yote, jedwali kwa jedwali. Kuna safu ya walioomba na safu ya wasioomba. Yeye hayumo kwenye yoyote.